Kujaribu setilaiti zinazoruka kwa kundi: mezani, ndegeni, kisha angani

Mfano mzuri wa kuiga ni SPHERES, setilaiti ndogo za chuo kikuu cha MIT, Marekani, zilizofika Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2006. Kila moja ilikuwa na upana wa kama sentimita 22, uzito wa kilo 4 na ushei, nozeli 12 (vitundu vinavyotoa gesi ili kuisukuma) za kaboni dayoksaidi na betri 16 za AA.

Anza mezani. Setilaiti ikae juu ya kigari chenye beringi za hewa, yaani kinachopuliza hewa chini yake, kielee juu ya kioo kinene. Kazi hasa ni kusawazisha. Nozeli mbili hutoa takriban niutoni 0.2, kwa mzigo wa kilo 10 mchapuko (kasi inavyoongezeka) ni 0.02 m/s². Meza ikiinama nyuzi 0.1 tu, mteremko unavuta kwa 0.017. Gesi yote itaishia kupigana na mteremko, nawe utadhani programu ndiyo mbovu. Lenga nyuzi 0.01, yaani milimita 0.17 kwa mita. Pimamaji ya mwashi haioni tofauti hiyo. Azima ya mafundi wa mashine. Kabla ya kuwasha nozeli, iachie tu ielee: ikijiendea upande uleule kila mara, rudi kwenye skrubu za miguu ya meza.

Mahali ilipo hujulikana kwa kupima muda wa ultrasaundi, sauti isiyosikika kwa sikio, kutoka vinara vitano, yaani vitoa sauti vilivyofungwa kandokando. Ukikosea milisekunde moja umekosea sentimita 34. Mlio wa gesi huvuruga vipokezi, kwa hiyo programu ifunge nozeli zote wakati wa kupima. Mmweko wa infraredi, mwanga usioonekana kwa jicho, ndio unaoanzisha hesabu ya muda, na taa za chumba huweza kuuigiza. Zizime zilizo karibu.

Ndegeni, parabola moja, yaani ndege kupanda na kushuka kwa njia ya upinde ili vitu vielee ndani, hukupa sekunde 20 hivi. Wakati huo pua ya ndege inashuka kutoka nyuzi 45 juu hadi 45 chini, karibu nyuzi 4.5 kwa sekunde. Vinara vinazunguka na ndege, lakini jairoskopu, kipima mzunguko kilicho ndani ya setilaiti, haina habari na mzunguko huo wa ndege. Vipimo viwili hivyo havitaafikiana kamwe. Basi usijaribu kushika nafasi za kundi humo. Hakikisha tu kwamba kila nozeli inasukuma upande unaotakiwa na kwamba setilaiti inajigeuza kwa mihimili yote mitatu. Anayeiachia afungue vidole vyote kwa pamoja, la sivyo inaondoka ikizunguka.

Kituoni eneo la kazi ni kama mita 2 kila upande na muda wa mwanaanga ni ghali. Andika majaribio mafupi, kila moja na namba yake, linaloweza kurudiwa bila kugusa mengine. Setilaiti moja kwanza. Ya pili iingie baada ya ile ya kwanza kutulia mahali pake.