"3060" ni kadi tatu: namna ya kuchagua jozi ya kufunga kwenye kompyuta moja

Ukiulizia kadi ya michoro (GPU) ya NVIDIA RTX 3060 pale Mwanjelwa, Mbeya, au ukiagiza ije na basi kutoka Kariakoo, unaweza kuletewa kadi yoyote kati ya tatu. Muuzaji atasema "zote 3060, bosi." Kwa mtu anayefunga kadi moja, tofauti yake inavumilika. Kwa anayefunga mbili, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kadi ya pili itafanya kazi au itakula umeme bure.

Hatua ya 1: Taja kazi kwanza

Kama ni gemu, usinunue mbili. NVIDIA iliacha kutengeneza profaili mpya za SLI (mfumo wa kuunganisha kadi mbili kwa ajili ya gemu) kuanzia 2021, na katika familia yote ya RTX 30 ni 3090 na 3090 Ti tu zenye NVLink, kiunganishi cha kadi kwa kadi. Chukua hela ya kadi mbili ununue moja yenye nguvu.

Kama ni video za harusi na send-off kwenye DaVinci Resolve, angalia toleo unalotumia. Kwenye Windows na Linux toleo la bure linatumia kadi moja tu. Kadi ya pili inataka toleo la Studio.

Kazi mbili zinafaidika waziwazi: kurenda michoro ya majengo (kugeuza mchoro wa 3D kuwa picha kamili) kwa Cycles ya programu ya Blender, na kuendesha modeli za lugha, yaani AI za aina ya ChatGPT, kwenye mashine yako mwenyewe. Mwongozo huu ni wa hizo.

Hatua ya 2: Zitofautishe hizo tatu

RTX 3060 ya GB 12, iliyotoka Februari 2021: viini vya kukokotoa 3,584, njia ya kumbukumbu ya biti 192, inasafirisha GB 360 kwa sekunde, wati 170.

RTX 3060 ya GB 8, ya mwishoni mwa 2022: viini ni vilevile 3,584, lakini njia imebanwa hadi biti 128 na kasi imeshuka hadi GB 240 kwa sekunde. Umeme haujapungua. Hii iache dukani hata ukipunguziwa bei.

RTX 3060 Ti: viini 4,864, biti 256, GB 448 kwa sekunde, wati 200, ila kumbukumbu ni GB 8.

Hapo wengi wanavutwa na Ti kwa sababu ina kasi. Kwa kadi moja wako sahihi. Kwenye jozi, hesabu ya kumbukumbu ndiyo inayotangulia. Blender inanakili mchoro mzima ndani ya kila kadi, kwa hiyo 12 na 12 inabaki 12, na 8 na 8 inabaki 8. Mchoro ukizidi hapo, unamwagikia kwenye RAM ya kompyuta na kasi inaanguka, au kazi inakatika kabisa. Nyumba yenye bustani, majani na picha kubwa za ukutani inafika GB 8 mapema kuliko unavyodhani. Ukichanganya Ti na ya GB 12, ile ndogo ndiyo inayoweka mpaka.

Modeli za lugha ni tofauti, kwa sababu programu kama llama.cpp inagawa tabaka za modeli kati ya kadi. Hapo 12 na 12 inakaribia 24 kweli. Modeli ya vigezo bilioni 32 iliyobanwa hadi biti 4 kwa kila kigezo inakula kama GB 20: inaingia kwenye jozi ya GB 12, haiingii kwenye jozi ya Ti. Usitegemee kasi mara mbili, maana kadi zinapokezana kazi. Unachopata ni nafasi.

Kwa hiyo: GB 12 mbili. Ti mbili zinafaa tu kama una hakika michoro yako haivuki GB 6 hivi.

Hatua ya 3: Kagua kabla ya kulipa

Nenda na GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, kwenye flashi. Kadi sahihi inasoma Memory Size 12288 MB, Bus Width 192 Bit na Shaders 3584. Kisha endesha jaribio la VRAM (kumbukumbu ya kadi) la programu ya OCCT, na baada yake jaribio la mzigo kwa dakika 20. Hitilafu hata moja kwenye kumbukumbu, irudishe. Muuzaji asiyekubali kuwasha, mwache.

Unaagiza kutoka Dar? Omba video ya GPU-Z ikiwa imefunguliwa, na kadi isafirishwe ikiwa imechomolewa, imefungwa peke yake. Ikiachwa ndani ya kasha la kompyuta, uzito wake na mitikisiko ya njiani mpaka Mbeya vinaweza kuvunja sloti ya mazabodi.

Hatua ya 4: Pima mazabodi

Hapa ndipo hela nyingi hupotea. Sloti mbili ndefu hazina maana kwamba zinalingana. Kwenye mazabodi nyingi zenye chipseti ya B550, ya juu inapata njia 16 za data (PCIe) moja kwa moja kutoka kwenye prosesa, na ya chini inapata njia 4 za PCIe 3.0 kupitia chipseti, takribani GB 4 kwa sekunde. Kwa Blender si msiba: mchoro wa GB 8 unachelewa sekunde kama mbili kupakiwa, basi. Ila soma kitabu cha mazabodi, kwa sababu baadhi huzima sloti ya chini ukichomeka SSD kwenye sloti ya pili ya M.2. Watu hudhani kadi imekufa kumbe ni hilo.

Kisha chukua rula. Nafasi ya sloti moja ni milimita 20.3. Sloti zako zikiachana kwa nafasi tatu, kadi nene ya nafasi mbili na nusu inaacha milimita 10 tu za kupumulia. Chagua kadi zenye unene wa nafasi mbili, au angalau hiyo ya juu iwe hivyo.

Hatua ya 5: Umeme

Kadi mbili wati 340, prosesa 90, vingine 50: jumla 480. Weka pawa saplai ya wati 750 inayoaminika. Kwa Ti mbili, 850. Kila kadi ipate waya wake wa pini 8 kutoka kwenye pawa saplai. Adapta ya SATA usiiguse: kichwa chake kinabeba wati 54 tu kwa volti 12, kile cha pini 8 kinadai hadi 150, na plastiki inayeyuka.

Kwenye UPS soma wati, usisome VA. Ya VA 650 itakatika papo hapo kadi zikishika mzigo. Wakati wa radi za masika chomoa waya ukutani. Kuzima swichi hakutoshi.

Hatua ya 6: Joto la nyanda za juu

Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takribani asilimia 15 kuliko ya Dar. Feni inazunguka vilevile lakini inabeba joto pungufu. Baridi ya Juni na Julai inaficha tatizo. Oktoba, pamoja na vumbi, linajitokeza. Weka feni mbili za mbele zinazoingiza hewa, na uzibe matundu yake kwa wavu wa vumbi unaofuliwa.

Kadi ya juu itakuwa na joto zaidi kwa sababu inavuta hewa ya ile ya chini. Ikigusa nyuzi 83, punguza umeme wake hadi wati 130 kwa kuandika hivi kwenye dirisha la amri:

nvidia-smi -i 0 -pl 130

Amri hii inataka ruhusa ya msimamizi, na inapotea kila unapowasha upya. Namba ya kadi ipate kwa nvidia-smi -L.

Hatua ya 7: Washa

Funga kadi moja kwanza, weka draiva, ingia BIOS uwashe Above 4G Decoding, zima, ndipo ufunge ya pili. Kwenye Blender fungua Edit, Preferences, System, chagua OptiX na uweke tiki kwenye kadi zote mbili.

Ikionekana moja tu, badilishana sloti. Tatizo likibaki kwenye sloti ileile, rudi kwenye M.2 na kitabu cha mazabodi. Likihama na kadi, kagua waya wa pini 8 kabla hujamrudia muuzaji.