Kupandisha usukani wa pikipiki kwa dereva mrefu

Kijana mmoja wa Pongwe, hapa Tanga, alinijia analalamika mgongo. Urefu wake ni kama mita 1.90, na anabeba abiria tangu asubuhi mpaka baada ya isha. Nikamwambia apande pikipiki yake akae kama anavyoendesha, mimi nikasimama pembeni kumtazama. Mabega yamekuja mbele, shingo imeinuka kwa nguvu, mgongo umepinda kama mtu anayekuna nazi juu ya mbuzi. Akikata kona, ncha ya mkono wa klachi inamgusa goti. Alikuwa ameshaongeza sponji kwenye siti, na maumivu yakazidi. Lazima yazidi: ukipandisha siti ukaacha usukani pale pale, unainama zaidi.

Kazi hii inafanyika nyumbani. Hivi ndivyo tulivyoifanya.

Hatua ya 1: Pima ukiwa umekaa

Weka pikipiki kwenye stendi kubwa. Kaa, fumba macho, nyoosha mgongo, kisha inua mikono mpaka pale inapotulia yenyewe bila kulazimisha. Fumbua macho. Mwenzako apime kutoka kiganjani mpaka kwenye mshikio. Kwa kijana huyu ilikuwa sentimita 4. Kisha chora alama kwa tipeksi pale usukani unapobanwa, ili mambo yakikataa ujue pa kurudi.

Hatua ya 2: Zungusha kabla hujanunua kitu

Legeza boliti nne zinazoubana usukani. Ukiusukuma usukani kwenda mbele kidogo, mishikio inapanda na kukaa mbali na magoti. Wengi huuvuta kuja kwao wakidhani ndiyo raha. Kwa mtu mrefu huko ni kuyafuata magoti. Kama ulihitaji sentimita 1 au 2, huenda kazi ikaishia hapa.

Kwetu Tanga, hasa pikipiki inayolala karibu na bahari, boliti hizi hushika kutu. Zidondoshee mafuta usiku wa kuamkia kazi, na tumia spana ya ringi. Spana malaya iweke mbali kabisa, itazila pembe za boliti na utaishia kuichimba kwa patasi.

Hatua ya 3: Inua

Ama nunua usukani mrefu zaidi wenye unene uleule (pikipiki nyingi za cc 125 na 150 ni milimita 22 pale unapobanwa), ama weka vipande vya chuma vya kuuinua. Mimi napenda vipande, vilivyokerezwa na fundi wa mashine, kwa sababu upana wa usukani unabaki ule uliouzoea. Boliti ndefu utakazonunua ziwe na namba 8.8 kichwani, na uzi uingie angalau milimita 12. Usipange washa kuziba nafasi. Na usikubali mtu akuunganishie bomba kwa kuchomelea. Mtetemo na mashimo ya barabarani vitaikata ile sehemu ya kando ya weldi, na itakatika siku umepakia mama na mtoto.

Hatua ya 4: Waya

Hapa usiharakishe hata kidogo. Mara ya kwanza kufanya kazi hii, kwenye pikipiki yangu mwenyewe, nilipandisha sentimita 5, nikajaribu kwenye barabara iliyonyooka, safi. Nilipokata kushoto kuingia Chumbageni injini ikapanda resi yenyewe, sijagusa kitu. Nilizima kwa swichi nikaikokota. Kuanzia alasiri mpaka magharibi nilifungua kabureta mara tatu nikidhani kuna kitu kimekwama ndani. Kabureta haikuwa na tatizo. Waya wa resi ulikuwa umekuwa mfupi.

Ukikata kushoto, mkono wa kulia unaenda mbele, unauvuta waya wa resi. Ukikata kulia unavutwa wa klachi, na klachi inaanza kuachia yenyewe. Ukienda moja kwa moja huoni dalili yoyote. Kwa hiyo fanya hivi: gia iwe fri, washa injini iungurume taratibu, zungusha usukani polepole mpaka mwisho wa kushoto, kisha mwisho wa kulia. Sikiliza. Sauti ikibadilika hata kidogo, usiende barabarani.

Kabla ya kununua waya mpya, fungua vibano vinavyoushika kwenye fremu uone unapita wapi. Mara nyingi unazunguka shingo ya fremu kwa njia ndefu, na ukiupitisha njia fupi unapata sentimita mbili tatu. Hakikisha tu haujikunji wala haubanwi shingo inapogeuka. Ile nati ya kurekebishia ni ya kuweka ulegevu. Waya mfupi hairefushi. Ulegevu ninaoacha: mshikio wa resi uzunguke milimita 2 hadi 6 kabla ya kuvuta, na ncha ya mkono wa klachi isogee milimita 10 hadi 20. Usipopata hivyo, nunua waya mrefu.

Breki ya mbele, iwe ya waya au ya mpira wa mafuta, ikague gurudumu la mbele likiwa limening'inia hewani. Shokapu zikinyooka zote, gurudumu linakwenda mbali na usukani, na mpira uliotosha ukiwa umesimama unaweza kukazika ukiruka tuta. Kama ni ya mafuta, kikopo chake kirudishe kikae sawa, kisiiname. Malizia na nyaya za swichi: bonyeza honi, breki na indiketa usukani ukiwa mwisho wa kila upande.

Hatua ya 5: Mikono na vioo

Kaa, nyoosha vidole. Mkono wa breki na wa klachi vilingane na mstari wa kigasha chako, kifundo kisipinde. Vioo unajua.

Tulikaza kila kitu, akaenda Muheza na kurudi. Aliporudi nilikaza boliti tena, na mbili kati ya nne zilisogea robo mzunguko. Zikaze hivyo baada ya safari ya kwanza, halafu tena baada ya wiki. Kijana alikaa juu ya pikipiki, akakata usukani kulia na kushoto mara nne, akitazama goti lake.