Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua matairi ya A/T, yaani ya njia zote, kwa pikapu ya mizigo

Katika Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba na kwa kawaida huendelea hadi Aprili au Mei, na kwa watu wa Rungwe hata zaidi ya hapo. Mwenye pikapu anayetaka kubadilisha matairi anapaswa kulimaliza jambo hilo ifikapo Oktoba, wakati njia za Umalila, Kikondo na Mufindi bado ni vumbi na gari linaweza kushinda gereji bila mazao kuharibika shambani.

Wanunuzi wengi huanza kwa kutazama kashata, yaani meno ya tairi yanayoshika barabara, ilhali kinachopaswa kuangaliwa kwanza ni uzito. Kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva hueleza saizi ya tairi, kiasi cha upepo na, kwa magari mengi, uzito wa juu ambao ekseli ya nyuma inaruhusiwa kubeba. Gunia la viazi la lumbesa hupita kilo 100, kwa hiyo magunia kumi yameshavuka tani moja kabla hujahesabu abiria na dizeli ya akiba, na sehemu kubwa ya uzito huo hulalia matairi mawili ya nyuma. Ubavuni mwa tairi, mara baada ya saizi, kuna namba ya uwezo wa kubeba: 115 maana yake ni kilo 1,215, na 121 ni kilo 1,450. Tairi la kawaida la 265/70R17 huwa na 115, lakini lile la LT265/70R17 (LT ni tairi la magari mepesi ya mizigo) la plai 10, kipimo cha uimara wa tairi, huandikwa 121/118, namba ya pili ikihusu magari yenye matairi pacha nyuma. Kwa matairi mawili, tofauti hiyo ni kilo 470, yaani takriban magunia manne ya lumbesa.

Hata hivyo, tairi la LT la plai 10 hufikia uwezo huo likiwa limejazwa upepo wa psi 80. Ukilijaza psi 35 kwa sababu ndivyo kibandiko kilivyoelekeza kwa tairi la kawaida, litabeba uzito mdogo kuliko hata lile ulilolivua, litapata joto kupita kiasi, na linaweza kupasuka likiwa bado jipya. Muuzaji akuonyeshe jedwali la mtengenezaji linalooanisha upepo na mzigo, na fundi ahakikishe kwamba rimu zako zinahimili upepo huo. Upepo upimwe asubuhi, kabla gari halijatembea.

Kuhusu kashata, sioni sababu ya mkulima anayetoka shambani na kuingia lami hadi Makambako au Iringa kununua matairi ya matope, yaani M/T. Hayo yanawafaa wanaoshinda kwenye njia za magogo. Kwenye lami yenye maji hushika vibaya zaidi, huvuma, na huisha mapema. Tairi zuri la A/T lina nafasi pana pembeni zinazotema udongo mwekundu, na michirizi myembamba katikati inayosaidia kwenye lami iliyolowa. Ubavu wake uwe mnene, kwa maana jiwe likiuchana hakuna fundi pancha wa kuuziba kwa uhakika. Alama ya mlima wenye chembe ya theluji isikuongezee gharama, kwani hata baridi ya Kitulo haihitaji tairi la theluji.

Kishawishi cha kupandisha saizi kipimwe kwa mlima Kitonga. Ukitoka 265/70R17 kwenda 285/70R17, kipenyo huongezeka kwa takriban asilimia 3.5: spidi mita ikisoma 80 unakimbia karibu 83, injini inazidi kuelemewa wakati wa kupanda na mzigo, na wakati wa kushuka gia inakuzuia kidogo kuliko ulivyozoea.

Soma pia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi; hueleza lilitengenezwa lini. 3424 ni wiki ya 34 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa dukani miaka mitano si jipya, hata kama bado lina vinywele vya kiwandani.

Ukiweza, nunua manne kwa pamoja pamoja na spea ya saizi hiyohiyo. Kuchanganya tairi jipya na kipara kwenye gari la fowili hufanya matairi yazunguke kwa mizunguko isiyolingana, na difu ndiyo inayoumia. Wakati wa kufunga, baransi na alaimenti zifanyike siku hiyohiyo, kisha nati zikazwe tena baada ya kilomita 80 hadi 100, kabla ya kupakia mzigo wa kwanza.