Dola ya fedha: soma mwaka, kisha geuza ubavu

Wadau mnaonunua sarafu za Marekani mtandaoni, mtu akikwambia anauza dola ya fedha (yaani madini ya silver) usikimbilie bei, soma mwaka kwanza. Wakusanyaji wakisema hivyo mara nyingi wanamaanisha zile dola kubwa za hadi 1935, hasa aina ziitwazo Morgan (1878 hadi 1904, halafu tena 1921) na Peace zilizofuata, fedha asilimia 90, uzito gramu 26.73. Sasa kuna hizi za Eisenhower za 1971 hadi 1978, upana ni uleule milimita 38.1 na zinang'aa kabisa, ila nyingi ni shaba na nikeli tu, fedha hamna hata chembe, mi juzi nusura nilizwe na moja. Cha kufanya, isimamishe uangalie ubavu wake, ukiona mstari wa rangi ya shaba unazunguka katikati, mrudishie mwenyewe. Kisha ipime kwenye mzani mdogo wa dijitali, Eisenhower ya kawaida inasoma 22.68. Sumaku achana nayo, zote mbili haizivuti.

Inapogoma: Eisenhower kadhaa za wakusanyaji zenye alama ya S (herufi ya kiwanda cha San Francisco) zina fedha asilimia 40, hizo ni gramu 24.59 na ubavuni wekundu hauonekani. Morgan iliyochakaa nayo inapungua uzito kidogo, usiitupe kwa hilo. Na feki ya fedha halisi yenye uzito sawa itakupita tu, kama bei ni kubwa mpe mtaalamu aitazame.