SOMO: Vayoleti ya Afrika kwa jani moja, na nyuki wake

Watu wakiiona kitaluni wanadhani imetoka Ulaya, kumbe ni ya kwetu, iko ya Usambara, iko ya Taita, na iko moja inaota kwenye nyufa za mawe ya chokaa msituni hapahapa Kilifi, huku chini kwenye joto, ndo maana Malindi inawezekana.

1. Omba jani kwa mwenye nayo. Kata na kikonyo chake, kiwe kama sm 3, mshazari.

2. Changanya mboji, mchanga wa mto na vipande vidogo vya matumbawe. Mchanga wa ufuoni usiguse, una chumvi. Na maji pia, hapa ndo wengi wanaiua, visima vyetu vingi vina chumvi, kinga ya mvua bwana, weka kwa mtungi.

3. Chomeka, funika na chupa ya plastiki iliyokatwa, weka barazani pasipopigwa na jua wala upepo wa kaskazi. Vitoto vinachomoza shinani baada ya miezi miwili mitatu hivi, vitenganishe. Maji mimina kwa kisahani chini, majani yasilowe.

Sasa nyuki. Hili ua halina nekta, lina chavua tu, na imefungiwa kwenye vile vifuko viwili vya manjano. Nyuki wa asali hawezi kuitoa. Anayeweza ni Amegilla, mnene, mbio kweli, wengi wana milia ya buluu tumboni, anakumbatia kifuko anajitetemesha mpaka unasikia zzzz na chavua inamwagika. Nyuki wa aina hiyo wanafaa hata nyanya na biringani zako. Nekta anaitafuta kwingine so panda mrehani karibu, na usimwage simiti ua wote manake wanatoboa ardhi kutaga.

MASWALI

– Shangazi, si nikachimbe tu ya porini?
Hapana mwanangu, zimebaki chache mno. Misitu mingine ni kaya za wazee, zilishaingia urithi wa dunia UNESCO 2008. Jani la jirani latosha.

– Majani yangu yana madoa meupe meupe, ni ugonjwa?
Umeyamwagia maji baridi juu. Hayatapona hayo, mapya yatatoka safi.

– Mi niko ghorofani nyuki hawafiki, itachanua?
Itachanua vizuri tu, ila mbegu hupati. Ukizitaka pasua kifuko na sindano, chavua paka kwenye ncha ya kile kijiti kinachochomoza pembeni.