Strat au Tele: jinsi ya kuzipima ujue ipi inabeba miziki mingi

Ukiuliza kati ya Stratocaster (Strat) na Telecaster (Tele), gitaa mbili za umeme za kampuni ya Fender, ipi inapiga vitu vingi, wengi watakujibu kwa hesabu tu, Strat ina pikapu tatu (zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi) na swichi ya hatua tano ya kuchagua pikapu, Tele ina pikapu mbili na swichi ya hatua tatu, tano kwa tatu mechi imeisha. Mi hiyo hesabu siikubali. Sauti ambayo huitumii haikusaidii chochote hata kama ipo kwenye swichi, halafu kuna sauti kibao zimejificha kwenye nobu za volyumu na toni ambazo watu hawazigusi kabisa, wanaacha zote kwenye 10 mwaka mzima. Kwa hiyo azima, kodisha, au nenda duka lenye zote mbili, uzipime mwenyewe, na hapa nakupa namna ya kupima bila kujidanganya.

Kwanza weka usawa. Amplifaya iwe moja, besi, mid na trebo zote katikati, pedali zote pembeni, hata ile riveb (mwangwi) tamu izime maana inaficha mengi. Nyuzi ziwe mpya na saizi moja, mfano 10 hadi 46 (unene kwa sehemu za elfu za inchi) kwenye gitaa zote mbili. Urefu wa uzi kutoka nati (pale juu mwisho wa shingo) hadi briji (pale nyuzi zinapoegemea kwenye bodi) ni uleule kwa zote, inchi 25.5 yaani kama milimita 648, kwa hiyo ukisikia moja ngumu kuvuta na nyingine laini, na nyuzi ni zilezile, mara nyingi tatizo ni setapu (jinsi gitaa lilivyorekebishwa) sio aina ya gitaa. Angalia pia pikapu zimeinuliwa kiasi gani, hasa kwenye Strat: sumaku zikikaa karibu sana na nyuzi nene zinazivuta, ukipiga kuanzia freti ya 12 kwenda juu unasikia noti inayumba kama haijatyuniwa. Zishushe na bisibisi kwanza ndo uanze kulaumu gitaa.

Sasa anza na pikapu ya briji, sauti safi, piga kodi kadhaa halafu solo kidogo. Hapa Tele inashinda na wala sio kwa kubahatisha, koili yake ni kubwa zaidi, chini yake kuna bati la chuma, na yenyewe imefungwa ndani ya bati la briji, kwa hiyo sauti inatoka kali lakini ina mwili. Briji ya Strat ni nyembamba zaidi, inachoma sikio, na kibaya ni kwamba waya za asili za 1954 hazikuipa nobu ya toni kabisa: nobu mbili za toni, moja ya pikapu ya shingo na moja ya kati, briji ikaachwa hivihivi. Tele ina volyumu moja na toni moja na zote zinafanya kazi popote swichi ilipo.

Jaribu hivi, kaa kwenye briji ya Tele, shusha toni mpaka 5 au 4, ongeza distoshoni kidogo kwenye amplifaya. Makali yanaisha na unabaki na sauti nene ya katikati ambayo mtu akisikiliza bila kuona anaweza kuapa ni gitaa la hambaka (pikapu ya koili mbili, nene na isiyovuma). Jimmy Page alipiga sehemu kubwa ya albamu ya kwanza ya Led Zeppelin na Telecaster, na mpaka leo kuna watu wanasikiliza wakiamini ni Les Paul, gitaa la Gibson lenye hambaka. Rudisha toni juu, shusha distoshoni, pikapu ileile sasa inakupa kantri. Hapo hujagusa swichi hata mara moja, ndo maana nasema kuhesabu hatua za swichi ni kujipotosha.

Ila usiikimbie Strat bado, maana ukienda hatua ya 2 na ya 4 unakutana na kitu ambacho Tele ya kawaida haina. Pale pikapu mbili za jirani zinapiga pamoja, baadhi ya masafa yanafutana, unabaki na ile sauti yenye uwazi katikati, inafaa fanki, inafaa rege, inafaa kodi zinazokatwakatwa nyuma ya mwimbaji bila kumfunika. Na Fender wenyewe hawakuipanga, swichi ilikuwa na hatua tatu tu tangu mwanzo, wapigaji wakagundua kwamba ukiisimamisha katikati ya hatua mbili inatokea sauti mpya, ndo mwaka 1977 kiwanda kikaweka ya hatua tano. Mark Knopfler wa Dire Straits amejenga jina kubwa sana juu ya sauti ya aina hiyo. Kwenye Strat nyingi za siku hizi pikapu ya kati imezungushwa kinyume, kwa hiyo hatua hizo mbili zinaua pia ule mvumo wa umeme wa pikapu za koili moja.

Katikati ya Tele nayo pikapu zote mbili zinapiga pamoja, sauti angavu na pana, kwa ridhimu mi naipenda kuliko hatua yoyote ya Strat. Kwenye shingo naipa Strat ushindi, noti inaimba, ndo eneo la blusi la Hendrix na Stevie Ray Vaughan. Pikapu ya shingo ya Tele imefunikwa kofia ya metali na sauti yake imepoa zaidi, kwa jazi ya taratibu ni nzuri ila kwenye bendi yenye kelele inazama.

Kipimo kinachosahaulika ni briji yenyewe. Strat ya kawaida briji yake inaelea kwenye springi, kwa hiyo ukivuta uzi mmoja kwa nguvu nyingine zinashuka kidogo, jaribu kushikilia noti moja huku unavuta ya jirani utasikia zinagombana. Na uzi ukikatika katikati ya shoo, nyuzi zote zilizobaki zinatoka kwenye tyuni, wakati mwenye Tele anaendelea na tano zake. Lakini Tele ya kawaida haina mkono wa tremolo (kile chuma cha kutikisa briji), ule mtikisiko wa Hank Marvin wa The Shadows huupati hata ukeshe. Kuna njia ya kati: nyuma ya Strat kaza zile skrubu mbili zinazoshikilia springi mpaka briji ilale kwenye bodi, mkono utashuka tu bila kupanda, ila tyuni inatulia sana.

Starehe tutaisema haraka, Strat imechongwa tumboni na pale unapoegemeza mkono, Tele ni ubao wenye kona, ukipiga masaa mawili umekaa mbavu zitakuambia. Volyumu ya Strat iko karibu sana na vidole, raha kwa kuvimbisha sauti na kidole kidogo, balaa kwa wanaopiga kwa kurusha mkono maana wanaishusha bila kujua.

Ukimaliza, rekodi zote mbili na simu ukipiga kipande kilekile juu ya ngoma na besi, mwambie mtu akuchezeshee bila kukwambia ipi ni ipi. Gitaa tamu ukiwa peke yako chumbani inaweza kupotea kabisa besi ikiingia.

Kabla hujaamua jua pia kwamba mapungufu mengine yanatibika kwa kulehemu kidogo tu. Strat, unganisha toni ya pili na pikapu ya briji, ni kipande kimoja cha waya na makali yanadhibitika. Tele, weka swichi ya hatua nne, ile ya ziada inapanga pikapu mbili mfululizo na sauti inakuwa nene na yenye nguvu zaidi. Wengine wanaweka hambaka shingoni, kama ilivyo kwenye Tele za Keith Richards wa Rolling Stones na Andy Summers wa The Police. Kwa metali nzito hata usihangaike, zote mbili zikiwa za asili zitakuvumia tu, tafuta Strat yenye hambaka kwenye briji.

Mi ningepanga hivi: bendi inayopiga nyimbo za watu, leo fanki kesho blusi keshokutwa harusi, chukua Strat. Unaimba huku unapiga, au mko watatu tu na gitaa ni moja, chukua Tele, itajaza nafasi na haitakusumbua tyuni. Na kama bendi ina mpiga gitaa mwingine angalia kwanza yeye kashika nini, akiwa na Strat wewe beba Tele, mkibeba zote sawa mtashindania masafa yaleyale na fundi mitambo atamshusha mmoja wenu.