Jinsi ya kufuatilia gesti ya kale ya Uingereza na walioiendesha

Katika miji ya Uingereza enzi za Malkia Victoria (1837–1901), gesti nyingi zilikuwa baa, malazi na banda la farasi kwa pamoja. Usianze na jina la kwenye kibao, maana majina yalibadilishwa na namba za mitaa zikapangwa upya. Mfuate mwenye leseni.

Chora jedwali la safu nne: mwaka, mwenye leseni, gesti, chanzo. Lijaze kwanza kwa orodha za wafanyabiashara zilizochapwa na Pigot, White na Kelly. Taarifa zao zilikusanywa kabla ya kuchapwa, kwa hiyo tofauti ya mwaka mmoja isikusumbue.

Kisha ingia kwenye sensa, 1841 hadi 1921, kila baada ya miaka 10. Ya 1841 ina mtego: waliopita miaka 15 walishushiwa umri kwa hatua za mitano, hivyo wa miaka 39 huandikwa 35. Kuanzia 1851 utamwona mke, mtumishi wa baa, hata mgeni aliyelala usiku ule, na parokia alikozaliwa kila mmoja. Ukitafuta "innkeeper" (mwenye gesti) peke yake utawapoteza wengi. Jaribu na "victualler" (mwenye leseni ya kuuza vileo). Pengine ameandikwa mhunzi au seremala tu, basi pitia mtaa mzima nyumba kwa nyumba.

Pengo kati ya sensa huzibwa na leseni. Mahakimu walizitoa upya kila mwaka, na magazeti ya mji yaliandika zilipohama mikono. Lakini sheria ya 1830 iliruhusu mlipa kodi wa mtaa kuuza bia kwa kulipa ofisi ya ushuru, mwanzoni paundi 2 na shilingi 2, bila kumwona hakimu. Hali hiyo iliendelea hadi 1869. Kwa hiyo nyumba ya bia isiyoonekana kwenye daftari za mahakimu wa miaka hiyo usiihesabu kuwa ilifungwa.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni la wajane. Mume akifa, mara nyingi mke ndiye aliyeshika leseni. Akiolewa tena, leseni huandikwa jina la mume mpya. Jedwali litaonyesha waendeshaji watatu, kumbe kaunta ilikuwa na mwanamke yuleyule miaka yote. Kagua ndoa na mirathi (orodha ya taifa ya mirathi inaanza 1858) kabla ya kuandika "familia mpya".

Mwenye leseni si lazima awe mwenye jengo. Wengi walikuwa wapangaji wa kiwanda cha bia. Mmiliki mtafute kwenye daftari za uthamini wa ardhi ulioanza 1910, zilizohifadhiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew, London.